Nibipu Saa Kumi

Kwenye kadi ya kliniki wamemwandika
Nereah Akumu, mimba ya pili, wiki ya ishirini na mbili,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu: ANAVUTA.
Herufi kubwa, kana kwamba ni jina la ukoo.

Nikatumwa kwake Obunga
na karatasi yenye picha ya pafu jeusi.
Nilimkuta akikaanga mgongo wazi,
moshi wa mafuta umemvika kama kanga,
tumbo limetangulia, macho yamebaki nyuma.
Karatasi sikuisoma.
Nilimpa afungie samaki. Ikafaa.

Nikamuuliza, "Ya kwanza huvuta saa ngapi?"
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake
baada ya mwaka mzima wa kuitwa wewe.
"Saa kumi usiku. Hapo wote wamelala
isipokuwa mimi, na mbwa wa Ochola,
na ile."

Ile.
Nesi huiita sonona.
Nereah alilijaribu neno ulimini, so-no-na,
akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza:
"Sijaona. Liandike hivyo.
Naamka, sijaona sababu.
Nachota maji, sijaona sababu.
Mtoto anacheza humu ndani, watu wanasema furahi,
naweka mkono, nasubiri,
sijaona."

Halafu akanisimulia kuhusu nyanyake wa Seme,
alivyovuta, kama wenzake wa rika lile,
ncha ya moto ikiwa ndani ya kinywa,
midomo imefumba, huoni hata cheche,
unamwona tu bibi kizee ametulia.
"Ndivyo nilivyo," akasema,
"hata nisipokuwa na sigara."

Mimi sina dawa.
Nina fulana ya kijani, simu iliyopasuka kioo,
na siku tatu za mafunzo, soda moja kila siku.
Nikamwambia: ikifika saa kumi, kabla ya kiberiti, nibipu.
Mlio mmoja, kata. Salio ni langu.

Usiku wa kwanza hakubipu.
Wa pili, saa kumi na dakika sita.
Tukaongea bei ya unga. Tukamwongea mbwa wa Ochola,
kwamba labda naye hajaona.
Sigara hakuitaja, sikuitaja.
Nilisikia pumzi zake tu, ndefu,
kama za mtu avutaye kitu kisicho na moshi.

Saba kwa siku zikawa tano, zikawa mbili.
Zikawa sita, wiki ile baba mtoto alipotuma ujumbe
kutoka Naivasha kwamba asitafutwe.
Kibandani wanakouza moja moja
kiberiti huning'inia kwa uzi wa nailoni.
Nilimwona amekishika. Hakuwasha,
amekishika tu, kama mkono wa mtu amjuaye.
Sikumwita. Nilipita,
na hadi leo sijui kama nilikosea.

Alhamisi nilimsindikiza kliniki.
"Bado unavuta?" nesi akauliza, kalamu nyekundu tayari.
Nikasema, muulize kwanza kama analala.
Nesi akanyamaza. Akavuta kiti.

Jana, saa kumi, simu haikulia.
Kumi na nusu. Kumi na moja.
Nililala macho wazi nikihesabu misumari ya paa,
kisha nikavaa ndara, nikaruka mtaro,
nikasimama mlangoni pake
nikinusa kama askari.
Hakuna moshi. Kulikuwa na mkoromo,
mzito, usio na haya.
Nikakaa kwenye kigoda chake cha kukaangia.
Mbwa wa Ochola akaja, akanusa viganja vyangu, akajilaza.

Jua lilipogusa mabati simu ikatetema mfukoni:
mlio mmoja, ikakatika.
Nikapiga. Nikaisikia ikilia nyuma ya mbao,
kisha sauti yake, imejaa usingizi:
"Nimechelewa kukubipu leo.
Kwani kuna shida?"